Diski au Kupakua: Ununuzi wa Gemu katika Miji ya Mlima Kenya

Gemu ya video hununuliwa kwa njia mbili: ikiwa diski ndani ya kasha, au ikiwa faili linalopakuliwa kutoka duka la mtandaoni. Mchezo unaochezwa ni uleule. Kinachotofautiana ni kile anachobaki nacho mnunuzi baada ya kulipa, gharama zinazomfuata, na nani anayeweza kumfungia mlango siku za usoni. Katika Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu, Meru na miji mingine iliyouzunguka Mlima Kenya, kasi ya intaneti, stima, bei ya dola na soko la mitumba huingia katika hesabu hiyo kabla mashine haijawashwa.

Diski za kwanza kuzoeleka katika miji hii kwa kiasi kikubwa hazikuwa halali. PlayStation 2 ilitoka Japani mwaka 2000, na nyingi zilizofika Kenya zilikuwa zimetiwa chipu, yaani kijisakiti kilichounganishwa ndani ya mashine ili isome nakala za kuchomwa. Duka la muvi lililochoma filamu lilichoma pia gemu, kwa kuwa gemu nyingi za PlayStation 2 zilienea kwenye DVD moja ya gigabaiti 4.7. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 iliingia majumbani kwa njia hiyo, jina lake likiwa limeandikwa kwa kalamu juu ya diski. Nakala ikikwaruzika hutupwa, nyingine hununuliwa. Hakuna aliyeifikiria diski kama mali.

PlayStation 3 ya mwaka 2006 ilibadilisha mambo. Ilitumia Blu-ray, diski yenye nafasi ya gigabaiti 25 au 50 na kufuli ngumu zaidi, na uchomaji wa mitaani ukakosa faida. Badala yake mafundi walianza kuvunja kufuli ya mashine kwa programu na kujaza gemu kwenye hadidiski, kazi iliyoendelea hadi PlayStation 4. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakataza kuvunja kinga ya kiteknolojia inayolinda kazi ya mwenye haki. Lakini hata asiyeijali sheria hukutana na mpaka: mashine iliyovunjwa haipaswi kusasishwa wala kuunganishwa na mtandao wa Sony, isije ikapigwa marufuku. Mwenye nayo hucheza zile gemu ambazo fundi wake anazo, basi. Makala haya yanahusu nakala halali, na hapo ndipo swali la diski au kupakua linapokuwa na uzito.

Leseni na mkono unaoishika

Kisheria, anayenunua gemu kwa njia yoyote hupewa leseni ya kuitumia. Haki za gemu yenyewe hubaki kwa kampuni iliyoitengeneza. Tofauti iko mahali leseni ilipofungwa. Leseni ya diski imefungwa kwenye kitu kinachoshikika, na aliye nacho mkononi ndiye achezaye. Leseni ya nakala ya kupakua imefungwa kwenye akaunti, na masharti ya maduka makubwa kama Steam na PlayStation Store hayaruhusu akaunti kuuzwa wala kuhamishiwa mtu mwingine. Aliyenunua diski ana kitu cha kupanga rafuni. Aliyenunua kwa kupakua yuko kama mpangaji aliyelipa kodi yote mapema. Jimbo la California liliona wanunuzi wengi hawaelewi tofauti hiyo, na Septemba 2024 gavana wake alitia saini sheria inayoyalazimu maduka ya kidijitali kusema wazi kwamba kinachouzwa ni leseni. Ilianza kutumika Januari 2025.

Maduka ya mtandaoni pia hufungwa. Nintendo ilifunga duka la mashine zake za 3DS na Wii U mwezi Machi 2023, na Microsoft ikafunga lile la Xbox 360 mwezi Julai 2024. Waliokuwa wamenunua waliachiwa nafasi ya kupakua tena, ila hakuna kipya kinachonunuliwa humo.

Kwa mchezaji wa Nyeri mfano wa karibu zaidi ni gemu ya soka ya FIFA. Mkataba kati ya kampuni ya EA na shirikisho la soka duniani uliisha na FIFA 23, na kuanzia Septemba 2023 mfululizo huo huitwa EA Sports FC. Matoleo ya zamani ya FIFA yakaondolewa katika maduka ya mtandaoni. Anayetaka FIFA 23 leo, labda kwa sababu pedi na mwendo wake ameshavizoea, atafute diski.

Hata hivyo, diski haimkingi mnunuzi na kila kitu. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft ya mwaka 2014, ilihitaji seva ya kampuni hata kwa anayecheza peke yake. Seva hizo zilipozimwa mwishoni mwa Machi 2024, diski zake ziligeuka plastiki tupu. Concord ya Sony ilidumu wiki mbili tu: ilitoka Agosti 23, 2024 na ikafungwa Septemba 6, wanunuzi wakarudishiwa pesa. Kwa gemu za aina hii swali la diski halina maana, na muuzaji wa mitumba anayeonyesha kasha lake kwa bei nafuu hauzi gemu.

Diski inayozunguka

Nguvu kubwa ya diski katika miji ya Mlima Kenya ni kwamba huzunguka. Gemu mpya kubwa ya PlayStation 5 huuzwa dola 70 tangu mashine hiyo itoke Novemba 2020. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola hizo ni zaidi ya shilingi 9,000, na mwanzoni mwa mwaka 2024, dola ilipokaribia shilingi 160, zilikuwa kama 11,200. Anayenunua diski kwa shilingi 9,000, akamaliza hadithi ya gemu kwa mwezi mmoja na kuiuza kwa shilingi 6,000, ametumia 3,000. Aliyepakua ametumia 9,000 zote, na hana cha kurudisha sokoni hata akichoka siku ya pili.

Mzunguko huo una njia zake. Diski iliyonunuliwa Luthuli Avenue, Nairobi, hufika Nyeri siku hiyohiyo ikiwa imetumwa kama mzigo kwa matatu. Kuanzia hapo hupita mikono: kutoka mwajiriwa mwenye mshahara hadi mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kutoka kwake hadi mwenzake wa Karatina, na mwisho hadi mtoto wa sekondari anayecheza wakati wa likizo. Kubadilishana pia kupo, gemu moja kwa nyingine, tofauti ikiongezwa kwa M-Pesa. Mji mdogo una faida hapa: muuzaji na mnunuzi hukutana ana kwa ana, diski hujaribiwa kwenye mashine mbele ya wote wawili, na mlaghai hujulikana upesi.

Gemu za soka ndizo zinazosomesha zaidi kuhusu thamani ya diski, kwa sababu tarehe ya kushuka kwake inajulikana. Toleo jipya hutoka kila Septemba. Diski ya toleo linaloondoka huwa bado na bei mwezi Julai; kufikia Oktoba imeporomoka. Anayejua kalenda hii huuza mapema, hukaa wiki chache bila gemu, na kuongeza kidogo tu ili apate mpya. Gemu za hadithi hushuka polepole zaidi na huweza kungojwa. Kuzinunua siku ya kutoka, kwa mtu asiye na haraka, ni kuwalipia wengine gharama ya kwanza.

Kampuni zinalijua soko hili, na hazipati mgao wa faida yake. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza Xbox One ikiwa na masharti ya kubana uuzaji na uazimaji wa diski zilizotumika. Sony ilijibu kwa video fupi ya mzaha iliyoonyesha namna ya kuazimana gemu ya PlayStation 4: mtu mmoja anampa mwingine kasha, imekwisha. Juni mwaka huohuo Microsoft iliyaondoa masharti hayo. Vita vile diski ilivishinda, lakini tangu hapo duka la mtandaoni limezidi kupanuka bila kulazimisha mtu.

Chumba cha pleistesheni

Chumba cha kuchezea kwa malipo kina hesabu tofauti na ya nyumbani. Wateja hulipia mechi, na katika baadhi ya vyumba anayefungwa ndiye hulipa. Kinachouzwa ni dakika, kwa hivyo mashine iliyokaa kimya ni hasara. Tuseme mwenye chumba ana mashine nne na wateja wote wanataka soka. Kwa njia ya diski atahitaji diski nne, kwa kuwa mashine hukagua diski kila gemu inapowashwa. Kwa njia ya akaunti, ununuzi mmoja wa PlayStation huhudumia mashine mbili: moja iliyowekwa kuwa ya msingi, ambayo huicheza gemu hata bila intaneti, na nyingine ambamo mwenye akaunti ameingia, intaneti ikiwa hewani. Ununuzi ukawa wa mara mbili badala ya mara nne.

Njia hiyo huonekana bora hadi intaneti ikatike Jumamosi mchana chumba kikiwa kimejaa. Mashine za msingi zitaendelea, zile nyingine zitaanza kudai uthibitisho. Ndiyo maana mpango wa kuchanganya, akaunti kwa mashine za msingi na diski kwa zilizobaki, huwa imara zaidi kuliko kushika upande mmoja. Masharti ya leseni za pande zote mbili, ikumbukwe, yameandikiwa matumizi ya nyumbani, jambo ambalo halijadiliwi sana mlangoni mwa vyumba hivi.

Uchakavu nao umebadilika. PlayStation 2 ilisoma diski muda wote wa mchezo, na lenzi yake ilichoka haraka katika chumba chenye vumbi. PlayStation 4 na 5 husakinisha gemu nzima kwenye hifadhi ya ndani, kisha diski hubaki kama kitambulisho tu.

Gigabaiti zinazopanda mlima

Gemu ya gigabaiti 50 si kubwa kwa vipimo vya sasa. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, ikienda bila kuyumba, huchukua zaidi ya saa 11 kupakuliwa. Ya gigabaiti 100 huchukua usiku na mchana. Diski ya ukubwa huohuo husakinishwa kwa muda wa kupika githeri. Aliye na faiba nyumbani huacha mashine ikipakua usiku na kuamka gemu ikiwa tayari. Anayetegemea bando la simu hulipia gemu mara mbili, kwanza dukani na kisha kwa mtoa huduma, na ndani ya bei ya bando kuna ushuru wa serikali, uliopandishwa hadi asilimia 20 mwaka 2021 na kurudishwa 15 mwaka 2023.

Eneo hili lina historia yake katika habari za intaneti. Mwaka 2013 Microsoft na washirika wake walianza karibu na Nanyuki mradi wa Mawingu, uliotumia masafa ya televisheni yasiyo na matumizi kupeleka intaneti mahali ambapo nyaya hazingefika kwa faida. Julai 2015, mkuu wa Microsoft, Satya Nadella, alikuja Nanyuki siku ya kuzinduliwa kwa Windows 10. Kampuni yake ndiyo inayotengeneza Xbox. Miaka minne baadaye ilitoa Xbox One S isiyo na mlango wa diski kabisa, mashine ambayo ingemtesa mkazi wa Laikipia asiye na intaneti ya uhakika. Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, imelegeza shida hiyo kwa nyumba zilizo mbali na nguzo za faiba, kwa mwenye uwezo wa kununua vifaa vyake.

Mwenye diski naye hakwepi kupakua. Gemu nyingi hutoka kiwandani kabla hazijakamilika, kisha marekebisho ya siku ya kwanza hufuata mtandaoni, wakati mwingine yakiwa na gigabaiti kadhaa. Tofauti ni kwamba gemu kamili ya diski kwa kawaida huchezeka jinsi ilivyochapwa wakati marekebisho yakingoja mwisho wa mwezi. Stima ikipotea katikati ya kupakua, kazi huendelea ilipoishia. Ikipotea wakati mashine inaandika sasisho la mfumo, mambo huweza kuharibika. Mwaka 2023 Kenya ilipata giza la nchi nzima zaidi ya mara moja, Agosti na Desemba zikiwemo, na betri ndogo ya akiba kando ya mashine ni ununuzi wa busara zaidi kuliko gemu ya tano.

Kulipa duka lisilokutambua

Kenya haikuwekwa katika orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na PlayStation Network. Afrika Kusini imo. Kwa hiyo mchezaji wa Nyeri hufungua akaunti ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini na kuijaza kwa kadi za zawadi zinazouzwa na wafanyabiashara wa mtandaoni. Kadi lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti, la sivyo pesa hukwama. Mwaka 2024 udhaifu wa mpango huu ulionekana: Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya mtandao huo, gemu iliondolewa katika duka la Steam kwa nchi zaidi ya 170 zisizo katika orodha. Sharti lilifutwa baada ya siku chache za kelele.

Steam yenyewe hukubali wateja wa Kenya na huuza kwa dola. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, iliyoletwa na Safaricom na Visa mwaka 2022, imewaondolea wengi ulazima wa akaunti ya benki. Kwa kompyuta mjadala wa diski ulikwisha zamani: Steam ilianza mwaka 2003, na laputopu za kisasa nyingi hazina hata mahali pa kuingizia diski. Kwa simu haukuwahi kuwepo.

Ipo biashara nyingine ya kukaa nayo mbali, ya kuuziwa nafasi katika akaunti ya mtu. Muuzaji hutoa jina na neno la siri, mnunuzi hupakua gemu kwa sehemu ya bei. Siku muuzaji akibadilisha neno la siri, au kampuni ikiifunga akaunti kwa kuvunja masharti, hakuna wa kushtakiwa. Bei ya chini ya nakala hizo ni bei ya hatari yenyewe.

Mashine kwanza

Uamuzi mkubwa hufanywa siku ya kununua mashine. PlayStation 5 ilitoka kwa sura mbili, ya dola 499 yenye kisoma diski na ya dola 399 isiyo nacho. Zile dola 100 zilizookolewa hurudi zikidaiwa na gemu mbili au tatu ambazo haziwezi kununuliwa mitumba. Toleo jembamba la mwaka 2023 huruhusu kisoma diski kuongezwa baadaye, ila kinahitaji intaneti mara moja ili kitambuliwe na mashine. PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024 huuzwa bila hicho kisomaji. Xbox Series S haina, na hakiwezi kuongezwa.

Kwa PlayStation 4 ya mitumba, sasisho la mfumo namba 9.00 la Septemba 2021 lina umuhimu wake. Kabla yake, betri ndogo ya saa iliyo ndani ya mashine ikifa na mtandao wa Sony usipatikane, hata gemu za diski zingeweza kukataa kufunguka.

Kasha nalo halisemi ukweli wote siku hizi. Baadhi ya makasha ya Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, yana kadi ya ufunguo tu: ikichomekwa, gemu hupakuliwa yote. Kadi hiyo huuzika tena, kwa hiyo haijapoteza kila sifa ya diski, lakini bando ni lilelile. Gemu nyingine hazina kasha kabisa. PES, iliyokuwa mpinzani wa FIFA katika kila chumba, iligeuka eFootball mwaka 2021, ikawa ya bure na ya kupakuliwa tu.

Diski ya Blu-ray ina ngozi ngumu inayostahimili mikwaruzo midogo kuliko DVD, lakini data yake imelala milimita 0.1 tu chini ya uso, wakati ya DVD iko milimita 0.6. Ufundi wa zamani wa kusugua diski kwa dawa ya meno, uliookoa DVD nyingi, huweza kuiua Blu-ray. Anayenunua mitumba aikague diski kwa mwanga wa pembeni, aisakinishe hadi mwisho kabla ya kulipa, na asome nyuma ya kasha eneo ilikotengenezewa. Diski ya PlayStation 4 au 5 kutoka Ulaya, Marekani au Mashariki ya Kati itachezeka kwenye mashine yoyote ya aina yake, lakini nyongeza zinazonunuliwa mtandaoni kwa kawaida hudai akaunti ya eneo lilelile la diski. Kasha likiwa na karatasi yenye msimbo wa nyongeza za bure, ihesabiwe kuwa imekwisha tumika: msimbo huo hufanya kazi mara moja tu, na mmiliki wa kwanza ndiye aliyeuingiza.